Maswali ya Wasomaji: Kutoka Dar hadi Getini

Kiangazi kimeingia, na barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: mtu wa Dar es Salaam mwenye siku mbili au tatu na mfuko wa kawaida aende hifadhi gani, na ajiandae vipi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Viwango vya viingilio hatukuviandika kwa sababu hupitiwa upya mara kwa mara, hasa mwaka wa fedha unapoanza Julai 1. Ulizeni wiki mnayosafiri.

Swali: Habari za kazi. Mimi na baba watoto tunataka kuwapeleka Mikumi watoto wetu watatu, wa miaka 4, 9 na 14. Tuna gari dogo la kawaida. Tukitoka alfajiri, tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo? (Mama wa Tabata)

Jibu: Mama, kuweza mnaweza, ila hatuwashauri. Geti la Mikumi liko kama kilomita 283 kutoka Dar. Kwa barabara tupu hizo ni saa nne, lakini barabara ya Morogoro haiwi tupu: kuna foleni ya Kibaha, malori ya Chalinze, vijiji vya mwendo wa 50 na tochi za trafiki. Hesabuni saa tano hadi sita. Mkitoka saa 10 alfajiri mnafika getini saa 3 au saa 4 asubuhi, wakati simba ameshaingia kivulini na tembo wamesogea vichakani. Saa 8 mchana inabidi mgeuze ili msiendeshe usiku kucha. Maana yake mmelipia siku nzima, na saa mlizopata ni zile mbaya kuliko zote. Wanyama hutembea kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Anayetaka kuona wanyama apange safari yake kwa kufuata saa hizo kwanza, habari ya umbali ije baadaye.

Fanyeni hivi. Tokeni Dar siku moja kabla, saa 5 asubuhi au mapema zaidi, mlale mji mdogo wa Mikumi. Mji huo uko mbele ya geti ukitokea Dar, kwa hiyo mtakatiza hifadhi kwa barabara kuu, kama kilomita 50. Hakikisheni mnaikatiza kabla ya magharibi. Mwendo unaoruhusiwa kipande hicho ni 70 mchana na 50 usiku, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya mnyama mwenyewe. Nyati akiwa lamini usiku huonekana umeshamfikia, kwa sababu ngozi yake nyeusi hairudishi mwanga wa taa. Kesho yake rudini nyuma, mwendo usiozidi nusu saa, muwe getini linapofunguliwa saa 12 asubuhi.

Kuhusu gari: chukueni tepu mpime kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari. Ikiwa ni sentimita 18 au zaidi, kiangazi hiki mtapita barabara kubwa za ndani, ile ya kwenda Bwawa la Viboko na zile za uwanda wa Mkata. Ikiwa pungufu, tuta la katikati ya njia litakwangua sampu ya oili, na sampu ikitoboka safari imeishia hapo. Sisi tungekodi gari la wazi la utalii palepale Mikumi hata kama lenu lingepita. Viti vyake viko juu, watoto wataona juu ya majani, na dereva wa pale huwa anajua simba walilala wapi jana. Mnapopatana bei ulizeni mambo matatu: ni ya gari zima au ya kila kichwa, ada ya gari kuingia imo au haimo, na ni kwa saa ngapi. Ugomvi mwingi wa jioni hutokana na swali moja kati ya hayo kutoulizwa asubuhi.

Watoto: chini ya miaka 5 hawalipi, miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto, na kuanzia 16 ni mtu mzima. Bebeni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha huyo wa miaka 14, maana warefu hubishaniwa. Ninyi wazazi bebeni kitambulisho cha taifa. Bila uthibitisho wa uraia mnaweza kutozwa kiwango cha wageni, ambacho ni mara nyingi zaidi.

Mafuta: kwenda, kurudi na kuzunguka ndani ni kama kilomita 700, hivyo gari dogo litakunywa lita 60 hadi 70. Jazeni Morogoro. Maji ni lita 2 kwa kila mtu. Chakula mkile vioo vikiwa vimefungwa, kwani nyani wa Mikumi wamezoeshwa vibaya na abiria wanaowatupia ndizi barabarani. Nyani aliyezoea kulishwa huingiza mkono dirishani, na meno yake ya chonge ni marefu. Tafadhali msiwatupie kitu, hata watoto wakiomba.

Swali: Nilifika geti la hifadhi moja na fedha taslimu mkononi, nikaambiwa hazipokelewi. Mtandao ulikuwa chini, nikakaa saa mbili na nusu nje. Kwani utaratibu ukoje? (Kijana wa Mbezi)

Jibu: Pole sana, ndugu yetu. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo inayotolewa kwa jina lako, na unalipa kwa simu, benki au wakala. Geti haligusi noti. Dawa ni kuomba namba hiyo kabla hujaondoka Dar. Piga au andika ofisi ya hifadhi, taja idadi ya watu kwa makundi ya umri na uraia, namba za gari na uzito wake, tarehe, na kama utalala ndani. Ada ya gari huhesabiwa kwa uzito na nchi liliposajiliwa, kwa hiyo uwe na kadi ya gari mbele yako unapopiga.

Kabla ya kuthibitisha malipo, simu itakuonyesha jina la anayelipwa. Liwe la taasisi. Likitokea jina la mtu, usiendelee, hata kama anayekuelekeza amevaa sare. Ukishalipa, piga picha ya risiti uihifadhi kwenye simu, maana ujumbe hupotea na mtandao hupotea. Na angalia saa zilizoandikwa kwenye kibali: kina saa ya kuanza na saa ya kwisha, na ukichelewa kutoka unadaiwa tena.

Tuongeze jambo linalowachanganya wengi. Si kila hifadhi iko chini ya ofisi moja. Hifadhi za taifa kama Mikumi, Saadani, Udzungwa na Nyerere ziko chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na hata Dar tunalo moja, Pande, upande wa Ubungo. Misitu ya mazingira asilia kama Pugu-Kazimzumbwi, Uluguru na Amani iko chini ya TFS, wakala wa misitu. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya viko chini ya Hifadhi za Bahari. Ngorongoro ina mamlaka yake peke yake. Kibali cha mmoja hakifungui geti la mwingine, hata kama hifadhi hizo zinapakana.

Swali: Naweza kurusha droni? (Mpiga picha, Sinza)

Jibu: Hapana, mpaka uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na cha hifadhi yenyewe, na hivyo haviombwi getini. Tembo hukimbia mlio wa droni, na ndege wanaoatamia huacha mayai juani. Iache nyumbani.

Swali: Shikamooni. Mwaka jana tukiwa Nyerere tulishambuliwa na mbung'o hadi tukafunga vioo kwenye joto kali. Dawa ya mbu haikusaidia kitu. Tufanyeje safari hii? (Binti wa Kigamboni)

Jibu: Marahaba, binti. Dawa za kupaka humzuia mbu vizuri, ila mbung'o humzuia kidogo sana, kwa sababu mbung'o hutafuta kwa macho zaidi. Hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego inayoning'inizwa mitini huko hifadhini hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Anayepanda gari na jinzi na fulana nyeusi amevaa mtego. Vaeni kaki, kijivu hafifu au rangi ya udongo, mikono mirefu, na kitambaa kiwe kizito, kwani mdomo wake hupenya kitambaa chepesi.

Njiani mtaona maeneo yana mbung'o na mengine hayana kabisa. Hupenda kivuli cha miombo na vichaka, na hupungua uwandani na kwenye kingo za maziwa zilizo wazi. Kwa hiyo fungeni vioo mnapokatiza msitu, mfungue mkifika mahali peupe. Walioingia wauweni kwa kitambaa kilicholowa maji. Huwa wanapanda kioo kutafuta mwanga, hapo ni rahisi kuwakandamiza. Kuwapiga kwa kiganja mara nyingi hakutoshi, mwili wao ni mgumu.

Lililo kubwa kuliko maumivu ni malale. Watu wengi huumwa na mbung'o na hawapati kitu, lakini ukirudi Dar na ndani ya wiki chache ukapata homa, kichwa kikali, au kidonda kilichovimba palepale ulipoumwa, nenda hospitali umwambie daktari kwa maneno haya: nilikuwa hifadhini, niliumwa na mbung'o. Usiposema atapima malaria, na ikitoka hasi atakupa dawa za maumivu. Aina ya malale ya upande wetu huenda kasi na haisubiri. Malaria nayo ipimwe, bila shaka, maana mbu wa usiku wapo huko. Laleni ndani ya chandarua.

Swali: Tembo akisimama katikati ya njia nifanye nini? Wengine husema piga honi, wengine husema zima gari. (Dereva, Ubungo)

Jibu: Honi usipige kamwe. Kuzima au kutozima kunategemea umbali na hali ya tembo mwenyewe.

Kundi likiwa mbali, mita 50 na zaidi, na linakula, zima gari, watu wakae kimya. Wakisogea wenyewe kuja kwako bila haraka, waache wapite. Ila ukiwa karibu acha injini ikiunguruma, kwa sababu mlio wa kuwasha ghafla ndio unaomshtua. Kila unaposimama, simama mahali ambapo unaweza kurudi nyuma moja kwa moja. Mwenye gari nyuma yako mwombe aache nafasi ya magari mawili. Madereva wa utalii wanapobanana kwa ajili ya picha, wa mbele huwa hana pa kutokea.

Soma mwili wake. Masikio yanayopepea taratibu ni kujipoza tu. Masikio yaliyotandazwa na kukaa yametandazwa, kichwa juu, anakutazama: anakupima. Akitikisa kichwa, akirusha vumbi au akibembeza mguu wa mbele huku na huku, ameshakuambia uondoke. Rudi nyuma polepole, usigeuze gari likampa ubavu. Dume ambaye kati ya jicho na sikio kumelowa kama mafuta, na mkojo unamdondoka akitembea, yuko kwenye majira yake ya kutafuta jike. Huyo mpe mita 100 na usingoje dalili nyingine. Na ndama akiwa upande mmoja wa njia na mama yake upande wa pili, usipite katikati hata kama nafasi ni kubwa kama uwanja wa mpira. Subiri. Dakika ishirini za kusubiri tembo hazijawahi kumharibia mtu safari.

Swali: Sina gari. Kuna hifadhi naweza kwenda kwa basi au treni? (Mwanafunzi, Mlimani)

Jibu: Zipo, na mojawapo ni nzuri kuliko nyingi zinazohitaji gari. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, hutembelewa kwa miguu tu. Haina barabara za kuzungukia. Basi la Dar kwenda Ifakara hupita Mang'ula, penye makao makuu ya hifadhi, kilomita kama 60 kusini mwa mji wa Mikumi. Treni ya TAZARA nayo husimama Mang'ula, ila usiipangie dakika. Njia inayopendwa ni ya maporomoko ya Sanje, ambayo kwa jumla hushuka zaidi ya mita 170. Ni mwendo wa saa nne hadi tano kwenda na kurudi, una mwongozaji, unapanda ngazi na mizizi. Viatu viwe na meno. Raba zilizolika soli huteleza kwenye mawe yenye ukungu, na hapo ndipo watu wanapovunjika vifundo. Anza saa 2 asubuhi, lita 2 za maji. Kima wa Sanje na mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani nje ya milima hiyo na mabonde yanayoizunguka, kwa hiyo usikimbilie maji tu, tazama juu.

Kama una siku moja tu, panda treni ya SGR ya kwanza hadi Morogoro. Kata tiketi mapema na ubebe kitambulisho. Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, chukua bajaji hadi ofisi ya msitu wa Uluguru ulipie, kisha upande mlimani hadi Morning Side na mwongozaji. Jioni uko Dar.

Swali: Gari letu lilinasa kwenye tope jeusi. Tulikanyaga mafuta hadi ekseli ikazama. Mlikuwa mnashauri nini? (Watatu wa Mbagala)

Jibu: Kuacha kukanyaga mafuta tairi lilipozunguka mara ya kwanza. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka ni mgumu kama saruji, ukilowa hujaza meno ya tairi ndani ya mzunguko mmoja, na tangu hapo tairi ni laini kama mpira wa kuchezea. Kila mzunguko baada ya hapo unachimba.

Likinasa, kwanza tazameni pande zote nne kabla mtu hajashuka, na mmoja abaki juu akiangalia vichaka. Pigeni simu getini. Namba yao mnaichukua mnapoingia, si mnapokwama. Punguzeni upepo wa matairi kutoka 35 hadi 20, tairi litapanuka na kushika. Chimbeni kwa koleo mbele ya kila tairi mpate mteremko mfupi wa kutokea, mtandike kapeti za mpira za gari au mbao. Matawi msikate, ni kosa ndani ya hifadhi. Kama gari linavuta matairi yote manne, wekeni gia nzito ya chini, mtoe klachi taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Jeki wekeni juu ya ubao wa sentimita 30 kwa 30, bila ubao itazama yenyewe huku gari likibaki palepale. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chasisi. Bampa hung'oka na kuruka, na imeshaumiza watu. Mkitoka, jazeni upepo tena kabla ya lami, maana tairi lepesi kwa mwendo wa 80 hupata moto ubavuni na kupasuka.

Na dalili ya kutokuingia: njia inang'aa na haina alama mpya za tairi. Wenyeji wameiacha kwa sababu.

Swali: Mimi ni mwalimu. Nina wanafunzi 60 na basi moja. Pori lililo karibu ni lipi? (Mwalimu, Temeke)

Jibu: Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, mwalimu wetu. Ni mabaki ya msitu wa pwani uliokuwa umeenea ukanda huu, na asubuhi moja inatosha. Andika barua kwa TFS wiki mbili kabla, ukitaja idadi, madarasa na saa. Gawa watoto kumi kwa mtu mzima mmoja, na kila kundi liwe na mtu wa mwisho anayejulikana. Waambie mapema kwamba hakuna simba, watatazama ndege, vipepeo, tumbili na miti. Wasipoambiwa hukata tamaa ndani ya dakika kumi. Ukipewa nafasi ya kufika kwenye mapango ya zamani ya kaolini, watoto wenye pumu wabaki nje, kuna popo na vumbi la kinyesi chao.

Swali: Tunataka kwenda Mbudya mwezi wa saba. Bahari ikoje? (Wifi na shemeji, Kawe)

Jibu: Kusi huvuma wakati huo, mawimbi huanza kukua saa 5 au 6 mchana. Vukeni Kunduchi saa 3 asubuhi, mrudi saa 8, kila mtu avae boya kabla boti haijaondoka ufukweni. Lipeni ada ya Hifadhi za Bahari mkapewa risiti. Nauli ya boti ni kitu kingine. Anayependa kutazama matumbawe achague siku za maji mafu, mkondo huwa mdogo. Siku za bamvua maji hukupwa mbali na watu hukanyaga matumbawe bila kujua, na tumbawe lililovunjwa kwa hatua moja huchukua miaka kurudi. Kombe na konokono wa baharini wabaki walipo.

Swali: Nyerere kwa boti ni lini, na tupite njia gani? (Wastaafu wanne, Upanga)

Jibu: Juni hadi Oktoba, wazee wetu, mto Rufiji ukiwa umepungua na wanyama wamesogea kwenye kingo. Machi hadi Mei msijaribu kwa gari. Kambi nyingi hufungwa. Pitieni barabara ya Kilwa hadi Kibiti, mjaze mafuta hapo, kisha mkate kulia kwenda Mloka na geti la Mtemere. Kipande cha Kibiti hadi Mloka ni kama kilomita 100 za vumbi na mashimo, kipeni saa tatu au zaidi. Tokeni Dar alfajiri, mlale usiku mbili: mmoja hautoshi, kwa kuwa siku ya kufika mtakuwa mmechoka.

Boti ombeni ya saa 10 jioni, jua likiwa limelegea na ndege wanarudi kulala. Mikono ibaki ndani, mamba huonekana kama gogo. Viboko wakizama mbele yenu, mwachieni nahodha achague upande, msimwambie asogee. Bebeni darubini iliyoandikwa 8×42: hukuza mara nane, na lenzi yake ya milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha jioni. Zile za kukuza mara 12 hutikisika mkononi, na ndani ya boti hazionyeshi kitu.